Watasema: kisa cha mbwa wa mashineni Tabora, na msaada uliopatikana vipande vipande

Kibaraza changu cha cherehani kinatazamana na mashine ya kusaga. Kati yangu na mlango wa mashine kuna barabara ya vumbi na mwembe mmoja, na chini ya mwembe huo ndipo alipokuwa akilala mbwa jike aliyeitwa Watasema. Hakuwa na mwenyewe. Kijana anayesaga ndiye aliyempa jina, kwa fumbo la kwake na jirani yake ambalo sikutaka kulichimba. Mbwa alikula uji wa pumba na vichwa vya dagaa, usiku alilinda mlango, na kwa miaka kama mitatu hakuna aliyemfikiria zaidi ya hapo.

Mwanzoni mwa Agosti wateja wangu walianza kuuliza: "Fundi, yule mbwa ana nini?" Alikuwa akitoka damu nyuma. Tulidhani yuko kwenye joto, maana mbwa jike hutoka damu kabla hajakubali madume. Lakini damu ya joto haizidi wiki mbili tatu, na hii ilikuwa imeingia mwezi. Kisha uvimbe ukajitokeza kwenye uke, mwekundu, wenye vifundo vifundo, unaovuja damu ukiguswa tu na nyasi. Nzi wakaja, harufu ikaja. Watu waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi wakalalamika, na walikuwa na haki, unga ni chakula. Mmoja akasema ni kichaa cha mbwa. Mwingine akasema ni ukimwi wa mbwa. Watoto wakaanza kumrushia mawe.

Malalamiko yalimfikia mwenyekiti wa mtaa. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi langu, akasema kwa upole kwamba mbwa aondolewe ndani ya wiki mbili, la sivyo ataomba watu waje na bunduki.

Kila nilichofanya baada ya hapo nilikiandika kwenye daftari la vipimo, kurasa za nyuma: tarehe, nani nilimpigia, alijibu nini, nilitoa shilingi ngapi. Kisa hiki nakitoa humo. Nimekiandika kwa sababu kila mtu hapa kwetu husema Tabora hakuna msaada wa wanyama, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Nilichokuja kukiona ni kwamba msaada upo, ila umekatika vipande, kila kipande kiko kwa mtu ambaye hajiiti mwokoaji wa wanyama. Hakuna atakayekuunganishia vipande hivyo. Utavitafuta kimoja kimoja kwa miguu yako.

Siku sita nilizopoteza

Nilianza kama wanavyoanza wengi. Nilimpiga Watasema picha, nikaandika "Jamani, tumsaidie kiumbe huyu," nikatuma kwenye magrupu yote ya simu yangu: la vikoba, la wazazi wa shule, la kamati ya harusi iliyokwisha zamani. Majibu yalijaa. Pole fundi. Mungu atamjalia. Alama za machozi. Siku tatu zikapita hivyo. Sasa nikiusoma tena ujumbe ule naona kasoro yake: haukumwambia mtu yeyote afanye nini. Mtu akiwa na huruma na hajui aipeleke wapi, huiacha palepale aliposomea.

Siku tatu nyingine nilizimaliza kwenye intaneti. Nilikuta kwamba nchi hii inao watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Dar es Salaam kuna mashirika ya kutetea wanyama ya TAWESO na TSPCA, Arusha kuna Mbwa wa Africa, na Zanzibar nako kuna wenzao. Nilifurahi kama niliyekwisha kupona mimi. Nikaandika kote, ombi langu likiwa moja: njooni mmchukue. Lakini kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na Arusha nako ni safari ya siku nzima. Hakuna konda atakayepakia mbwa anayetoka damu, na hata angekubali, mnyama mgonjwa asingeifurahia safari hiyo. Nilikuwa natafuta mahali pa kumpeleka mnyama, kumbe nilipaswa kutafuta mtu wa kuja alipo. Nina hakika kosa hili linaua wanyama wengi zaidi ya ukatili wenyewe, maana linamaliza siku ambazo ugonjwa ungali mdogo.

Usiku wa siku ya sita mtu mmoja niliyemwandikia alinijibu. Hakutuma fedha, alituma maswali. Ana uzito gani? Damu imeanza lini? Ameng'ata mtu, au mbwa mwenzake? Anakula na kunywa? Ana mimba, au ananyonyesha? Yuko mtu anayeweza kumshika asing'atwe? Nani atakayesimama kama mwenyewe wa mbwa mbele ya daktari? Akamalizia kwamba kwa picha ile, huenda ugonjwa ni wa kutibika, na kwamba nimtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa hapa hapa mkoani, nimpelekee majibu hayo, nisimpelekee picha peke yake.

Sikuwa na jibu hata moja lililokamilika. Asubuhi nilivuka barabara, nikakaa na yule kijana wa mashine mpaka tukapata majibu yote. La uzito tulilipatia kwenye mizani ya mahindi: tukatandika kiroba, kijana akambeba akampandisha, akamshika kichwa huku akimsemesha. Kilo 14. Akaichukua chaki anayoandikia madeni, akaandika ukutani, pembeni kabisa mbali na majina ya wadaiwa: W 14. Kiroba tukakichoma.

Bwana mifugo

Mtu wa kwanza aliyesogeza jambo alikuwa karibu kuliko wote, na sikuwa nimemfikiria. Bwana mifugo wa kata yetu nilimjua kwa ng'ombe na kwa mhuri wa nyama. Haikuniingia akilini kwamba mbwa wa mtaani naye ni wake. Nilimkuta ofisi ya kata, nikamsomea majibu kutoka kwenye daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atapita jioni. Mafuta ya pikipiki nililipa mimi, sikuona vibaya.

Alipofika hakuanza na uvimbe. Alianza na watu waliokuwa wamesimama. "Kuna mtu yeyote kang'atwa na mbwa huyu? Hata mtoto? Hata kukwaruzwa?" Hakuna. Akawauliza wote kama mbwa amebadilika tabia: kuuma vitu ovyo, kubadilika sauti, kushindwa kumeza, taya kulegea na mate kuchuruzika, kuyumba. Akamwekea maji kwenye bakuli, Watasema akanywa mbele ya macho yao. Ndipo akawafafanulia kwa nini mbwa aliyemng'ata mtu huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Kichaa cha mbwa kikishafika kwenye mate, mnyama hana muda mrefu wa kuishi. Mbwa anayetoka damu mwezi mzima huku anakula na kunywa ana ugonjwa mwingine. Hakuishia hapo, nami namshukuru, kwa sababu hofu ya wale watu haikuwa ya upuuzi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Akawaambia: ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Usisubiri uone kama mbwa atakufa.

Jioni ile ile alipita kwa mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuwa adui wa Watasema, alikuwa akitafuta tu neno la kuwajibu watu wake. Sasa akawa nalo, tena kutoka kwa mtaalamu wa serikali. Wiki mbili zikageuka kuwa "mpaka matibabu yaishe". Nilikuwa nimejiandaa kumsomea Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama na kutambua kwamba mnyama anahisi maumivu. Bwana mifugo alinishauri nimwachie mwenyekiti aitaje mwenyewe. Akaitaja kwenye kikao cha mtaa, alipokuwa akiwakemea wazazi wa watoto warusha mawe, na mawe yakakoma. Mlalamikaji akiitaja sheria, watu husikia ugomvi. Kiongozi wao akiitaja, husikia agizo. Anayetafuta msaada kwa mnyama afikirie sana ni kinywa cha nani kitakachoitaja.

Kisha bwana mifugo akaniambia: "Mama, kuutambua naweza kukadiria. Kuutibu si kazi yangu, tafuta daktari." Hapo nilijifunza jambo ambalo mwenye paka, mbwa au punda anapaswa kulijua kabla hajahitaji. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 kuna Baraza la Veterinari linalosajili madaktari wa mifugo, na wataalamu wa ngazi nyingine nao wana orodha yao na mipaka yao ya kazi. Anayeuza dawa kwenye duka la mifugo si lazima awe daktari. Kwenye zile siku zangu sita nilikuwa nimeingia duka moja, dada akanionyesha dawa ya minyoo ya sindano na antibayotiki, kwa nia njema kabisa. Zisingefanya lolote kwa ugonjwa ule, na fedha ya kwanza ingekuwa imeondoka. Siku hizi namuuliza mtu yeyote, kwa heshima, "Wewe ni daktari uliyesajiliwa?" Daktari wa kweli hakasiriki.

Lipo jambo jingine ambalo wengi huliruka, na mji wetu una Waislamu wengi, mimi mmoja wao. Mate ya mbwa ni najisi, na kuna majirani waliodhani kwamba kumhudumia mbwa ni kujitia kwenye lawama. Niliogopa maneno hayo kuliko bunduki. Aliyenitua mzigo ni mzee mlinzi wa ghala la jirani, ambaye kila alfajiri akitoka lindoni hunipitia na salamu ya "Mwangaluka, fundi". Alikaa kwenye benchi akawakumbusha waliokuwepo kile kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Glavu zinazuia mate, akasema, na nguo hufuliwa. Hakuna aliyembishia.

Chupa ya chai kutoka Mwanza

Daktari wa mifugo aliyesajiliwa, niliyempata hapa hapa mkoani, alinieleza kwenye simu mambo mawili ya kuandaa: mbwa asile tangu asubuhi, na awe na kitu cha kumfunga mdomo. La pili lilikuwa kazi ya mikono yangu. Nilipima mdomo wa Watasema kwa futi ya kitambaa akiwa usingizini, nikashona kifungo cha kaki iliyobaki kwenye sare za shule, tabaka mbili, kamba mbili za kufungia nyuma ya masikio, nafasi ya kuhema ikabaki wazi. Nilimvalisha na kumvua kwa siku mbili, kila mara akipata kichwa cha dagaa, hata siku ya daktari hakushtuka.

Uchunguzi haukuchukua nusu saa. Daktari alivaa glavu, akatazama, akapapasa tumbo kwa muda mrefu kuhakikisha hakuna mimba, kisha akapaka majimaji ya uvimbe kwenye vipande vya kioo vya maabara. Alimchanja kichaa cha mbwa pale pale, akasema atairudia chanjo matibabu yakiisha, kwa kuwa dawa inayokuja hupunguza nguvu ya mwili kujikinga. Kesho yake alinipigia. Kwenye hadubini aliziona seli za duara zenye vijitundu vyeupe ndani yake, ishara ya ugonjwa aliokuwa ameudhania.

Ni saratani, lakini ya namna ya peke yake. Saratani nyingi huzaliwa na kufa ndani ya mwili mmoja. Hii huhama kutoka mbwa hadi mbwa. Wanapopandana, au kulambana, seli zenyewe za uvimbe hudondoka kwa mbwa mwingine zikaota hapo kama kipandikizi cha muhogo. Wanasayansi waliofuatilia vinasaba vyake wanasema uvimbe wa namna hii popote duniani umetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Haumwambukizi binadamu. Wala si ukimwi wa mbwa. Na, jambo lililonifanya niketi chini nilipolisikia, ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko zote, kwa dawa moja, sindano moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikimwonea Watasema huruma ya maiti.

Dawa yenyewe inaitwa vinkristini. Asili yake ni ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe ambalo watu wengi wamelipanda mbele ya nyumba zao. Ni dawa ya binadamu. Hutibu saratani za damu za watoto, na hilo lilinisumbua: je, naweza kuipeleka kwa mbwa dawa ambayo mtoto wa mtu anaisubiri? Nilimuuliza daktari waziwazi. Akaniambia hatagusa dawa ya wodini. Ataagiza kwa cheti chake kutoka duka kubwa la dawa la binafsi Mwanza, na kama wangesema imepungua, tungesubiri. Ilikuwepo. Nisingekuwa na amani bila swali hilo kuulizwa, na nadhani kila anayetafuta dawa ya binadamu kwa ajili ya mnyama anawajibika kuliuliza.

Tatizo likawa njia. Vinkristini hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, na kutoka Mwanza hadi hapa ni zaidi ya kilomita 300 kwa basi. Tulitumia chupa ya chai yenye mdomo mpana. Dawa ilifungwa kwenye mfuko, barafu ikazungushwa chini na juu, kifuniko kikakazwa, ikakabidhiwa mkononi mwa konda kwa jina la daktari. Stendi nilikuwa nasubiri mimi, nikaipeleka moja kwa moja kwenye friji yake ya chanjo. Muuza soda wa jirani alikuwa amejitolea friji yake. Daktari alikataa. Dawa ya aina hii haikai na vinywaji vya watu hata usiku mmoja.

Fedha haikutoka kwa mfadhili. Safari hii nilirudi kwenye yale yale magrupu na ujumbe mwingine kabisa: ugonjwa jina lake hili, tiba wiki hizi, wiki hii tunahitaji kiasi hiki kwa dawa na kiasi hiki kwa nauli ya kifurushi, jumla iliyopatikana hii, iliyobaki hii. Nikaambatisha stakabadhi. Watu wale wale walionipa pole wakatuma elfu mbili, elfu tano. Dada mmoja wa vikoba, ambaye hampendi mbwa na hajabadilika, alilipia barafu wiki zote. Daktari alitoza dawa na vifaa, ada ya mikono yake akaipunguza.

Sindano ya kwanza ilitolewa mwisho wa Agosti, uani kwangu. Siwezi kusisitiza vya kutosha kwamba hii si dawa ya kujaribiwa na asiye daktari. Inaingia kwenye mshipa tu. Tone likivuja nje ya mshipa, nyama ya mguu huoza. Daktari aliweka kanula kwanza, kimrija chembamba cha mshipani, akaipima kwa maji ya chumvi, ndipo akaingiza dawa polepole. Sote tuliokuwa karibu tulivaa glavu. Mke wa kijana wa mashine alikuwa mjamzito, akaombwa asikaribie kabisa, wala asishike bakuli la mbwa. Kwa siku kadhaa baada ya kila sindano mkojo na kinyesi chake hubeba dawa, kwa hiyo Watasema alihama mwembeni akaja kufungwa uani kwangu, mbali na unga na mbali na watoto, na mimi nikawa nafukia kwa jembe.

Baada ya wiki moja damu ilikuwa imepungua nusu. Baada ya ya pili nzi waliondoka. Ya tatu haikufanyika siku yake. Basi liliharibika njiani, jua la Septemba likafanya kazi yake, na chupa ilipofunguliwa barafu yote ilikuwa maji ya uvuguvugu. Niliomba itumike hivyo hivyo. Nilikuwa nimeihesabu kila shilingi iliyomo. Daktari aliitazama, akaiweka kando, akasema hatachoma dawa ambayo hajui imebaki na nguvu gani. Tuliagiza nyingine, na tokea hapo kifurushi kilisafiri na basi la kwanza la asubuhi tu. Ya nne nayo ilisogezwa mbele wiki moja: Watasema aliacha kula, joto lake likapanda karibu nyuzi 40, wakati la kawaida la mbwa huishia kwenye 39 na kidogo. Vipimo vya damu vilionyesha chembe nyeupe zimeshuka. Akapewa antibayotiki, safari hii kwa sababu inayoeleweka, akapumzishwa. Ukutani kwa kijana iliandikwa W 13.

Dume la mlinzi

Siku ya sindano ya kwanza daktari alikuwa ameuliza swali ambalo sote tuliliruka: madume yaliyompanda ni yapi? Ugonjwa unaohama kwa kupandana hauwezi kuisha kwa kumtibu mmoja. Angepona, angeingia kwenye joto, angeupata tena kwa dume lile lile lililomwambukiza, au kwa jingine ambalo yeye aliliambukiza. Tulihesabu madume matatu yanayozurura kati ya mashine na reli. Mawili yalikuwa safi. La tatu lilikuwa mbwa wa yule mzee mlinzi wa ghala, aliyenitetea. Lilikuwa likidondosha damu kidogo kidogo kwenye ncha ya uume kwa miezi, na mzee alidhani limejikata kwenye seng'enge.

Hapo hesabu ya daktari ilitusaidia. Chupa ndogo ya dawa ina miligramu 1, na ikishafunguliwa haitunzwi mpaka wiki ijayo. Dozi ya Watasema haikufika nusu ya chupa, na ya dume, lenye kilo 18, ilikuwa chini ya nusu kidogo. Tungewachoma siku moja, chupa moja ingewatosha wote wawili, na ule mchango wa mmoja ungetibu wawili. Tangu sindano ya pili wakawa wanakuja pamoja, mmoja mlango wa mbele, mwingine wa uani.

Lakini dume lilipona haraka mno machoni. Baada ya sindano mbili damu ilikatika kabisa, na mzee akasema inatosha, mbwa wake anahitajika lindoni na sindano zinamlegeza. Nilimsihi. Hakukataa kwa ukali, aliacha tu kuja. Sikumlazimisha, na mpaka leo sina hakika kama nilifanya sawa. Alikuwa mzee wangu, alinisimamia wakati wa maneno, na mbwa ni wake. Mwishoni mwa Oktoba damu ilirudi. Alikuja mwenyewe alfajiri, akaniamkia kama kawaida, akakaa, akasema, "Fundi, nilikosea. Tuanze upya." Tukaanza kuhesabu kutoka moja. Safari hii mbwa alikuwa peke yake kwenye chupa, na zaidi ya nusu ya dawa ilimwagwa kila wiki.

Watasema alimaliza sindano yake ya tano katikati ya Oktoba. Uvimbe ulikuwa umenywea mpaka hakuna cha kuonyesha kidole. Kabla ya hapo, tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, bwana mifugo alikuja na boksi la chanjo kwenye mwembe ule ule, na foleni ya mbwa waliofungwa kamba za katani, minyororo na vipande vya khanga ilipita mbele ya foleni ya mahindi. Wengi walikuja kwa sababu walikwisha kumwona daktari akiingia na kutoka uani kwangu. Nilikuwa nimeshona vifungo vya mdomo kumi vya saizi tatu, vikatumika vyote. Mwenyekiti ndiye aliyeandika majina ya wenye mbwa.

Novemba, baada ya mvua za kwanza na baada ya damu yake kupimwa tena, Watasema alifungwa uzazi na kurudiwa chanjo. Mama ntilie wa stendi na kijana wa mashine waligawana gharama hiyo bila mimi kuomba. Jina la mwenyewe wa mbwa kwenye kadi ya chanjo ni la kijana.

Wiki iliyopita alinipigia mwanamke kutoka Sikonge, namba yangu ameipata kwa mteja. Ana mbwa anatoka damu, ametuma picha kila mahali, hakuna anayejibu. Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikamwomba asitume picha kwanza. Nikamuuliza kama mbwa ameng'ata mtu, na kama karibu na kwake kuna mashine yenye mizani.

Dume la mzee limebakiza sindano mbili. Ukutani, chini ya madeni, chaki inasema W 17.